Kufundisha yoga ya taratibu kwa watu waliopata kiwewe: mwongozo kamili kwa mwalimu

Mwanamke aliyepigwa na mumewe kwa miaka, kijana aliyeteswa kizuizini, msichana aliyebakwa, baba aliyekimbia vita Kivu akaacha wazee wake njiani, dada aliyerudi kutoka kazi za ndani nchi za Ghuba na makovu ya pasi mkononi: visa vyao ni mbalimbali, lakini kila mmoja ana siku ambayo mwili wake uliamuliwa na mtu mwingine, na yeye akakosa la kufanya. Ukitaka kumfundisha yoga mtu kama huyu, anzia hapo.

Hiari yashinda utumwa, ndivyo walivyosema wazee, na darasa la aina hii lote limesimama juu ya methali hiyo. Mikao yenyewe ni ya kawaida, mingi hata bibi mwenye magoti mabovu anaifanya akiwa kitini. Kinachofanya kazi ni mtu kujiamulia mwenyewe, mara nyingi, kwa mambo madogo: mkono niuinue au niuache, niendelee au niishie hapa, macho niyafumbe au nitazame dirishani. Mwalimu anayejua mikao mia lakini hawezi kumwachia mtu uamuzi atamrudisha palepale alipotoka.

Nawaandikia walimu wa yoga, lakini pia washauri nasaha, wauguzi na wahudumu wa jamii wanaotaka kuongoza kikundi kidogo. Kusoma peke yake hakutoshi. Tafuta mafunzo ya ana kwa ana, na tafuta mtu mwenye uzoefu wa kukusimamia.

Mwili unavyofanya kazi baada ya hatari

Hatari ikitokea, mwili hauombi ruhusa. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, damu inakimbilia mikononi na miguuni ili mtu apigane au akimbie. Yote mawili yakishindikana, mwili huganda: sauti haitoki, viungo vinakuwa vizito, akili inaenda mbali. Ndiyo maana wengi waliobakwa husema hawakuweza kupiga kelele, na anayewalaumu kwa hilo hajui mwili wa binadamu unavyofanya kazi.

Kwa watu wengi hali hiyo hupungua siku zikienda. Kwa wengine hubaki. Mlango ukigongwa wanaruka, usingizi hauji, harufu fulani inawatapisha. Wengine ni kinyume: hawahisi lolote kuanzia shingoni kwenda chini. Njaa hawaijui, uchovu hawaujui, na ukimuuliza unajisikiaje anakutazama tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwalimu wa yoga David Emerson alianza kufanya kazi na daktari wa akili Bessel van der Kolk katika kituo cha tiba ya kiwewe jimboni Massachusetts, Marekani. Waliunda yoga isiyotumia amri, isiyogusa wanafunzi, na isiyomtaka mtu asimulie yaliyompata. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake 64 wenye ugonjwa sugu wa kiwewe, ambao matibabu ya muda mrefu hayakuwa yamewasaidia vya kutosha. Nusu walifanya yoga saa moja kwa wiki kwa wiki 10, na nusu walihudhuria masomo ya afya ya wanawake. Mwishoni, 16 kati ya 31 waliopimwa wa kundi la yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Kwenye kundi lingine walikuwa 6 kati ya 29. Ni utafiti mdogo, na wanawake wale walikuwa chini ya uangalizi wa wataalamu wakati wote. Kwa hiyo yoga inakwenda sambamba na tiba. Usimwambie mtu aache dawa wala mshauri wake.

Jambo ambalo walimu wengi hawalitarajii ni kwamba taratibu si lazima iwe salama. Yoga ya taratibu tuliyoizoea ni taa kupunguzwa, macho kufumbwa, watu kulala chali kimya kwa muda mrefu huku mwalimu akipita katikati yao. Sasa mfikirie mtu ambaye balaa lilimkuta gizani, amelala, nyumba imetulia. Umemtengenezea usiku ule ule. Taratibu ya darasa hili ni ya namna nyingine: mwendo usio na haraka, mikao ya muda mfupi, mwanga wa kutosha, na sauti ya mwalimu inayosikika mara kwa mara ili kila mtu ajue uko wapi.

Hatua ya 1: Kabla ya darasa, jua unapoishia

Wewe ni mwalimu wa yoga. Mambo yatakayojitokeza mengine yatakuwa ya daktari, ya mshauri, au ya polisi, na siku hiyo si wakati wa kuanza kutafuta namba. Andika mapema orodha ya watu utakaowapigia. Kenya kuna simu ya bure 1195 kwa ukatili wa kijinsia na 116 kwa watoto. Tanzania 116 ni ya watoto pia, kuna madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambapo matibabu, polisi na ustawi wa jamii vinapatikana mahali pamoja. Nenda ukajitambulishe kwa sura. Muuguzi anayekujua atampokea mtu wako tofauti na yule anayepigiwa simu na mgeni.

Kama unaweza, liweke darasa chini ya mwavuli wa huduma iliyopo badala ya kulianzisha peke yako. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ambayo Dkt. Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, imejulikana kwa kumhudumia mtu kwa ukamilifu: matibabu, ushauri, msaada wa kisheria, na namna ya kujitafutia riziki. Darasa lako liwe chumba kimoja ndani ya nyumba kama hiyo. Lisijifanye kuwa nyumba yote.

Tafuta msaidizi, na asikosekane hata siku moja. Siku mmoja atakapotoka nje akilia, mtu wa kumfuata awepo, na mtu wa kubaki na wengine awepo.

Kikundi kisizidi watu kumi hivi. Mwanzoni tenga wanawake na wanaume. Wanaume nao wanahitaji sana darasa hili, wakiwemo walioumizwa wakiwa watoto na waliowahi kuteswa, lakini mwanamke aliyeumizwa na mwanamume hatatulia akiwa na mgeni wa kiume nyuma ya mgongo wake.

Hatua ya 2: Andaa chumba

Ingia ukumbini mapema, kaa sehemu zote ambazo wanafunzi watakaa, kisha tazama. Unaona mlango? Kuna dirisha ambalo wapita njia wanachungulia? Kuna mtu atakayekuwa na nafasi tupu nyuma yake?

Panga viti au mikeka kwa nusu duara, migongo ielekee ukutani, na kila mtu aone mlango bila kugeuka. Mlango ufungwe ili watu wasichunguliwe, lakini usitiwe kufuli, na uwaambie kwamba haujatiwa kufuli. Acha nafasi kubwa kati ya mtu na mtu. Atakayetaka kukaa karibu na mlango akae, na asiulizwe. Taa zibaki zimewaka. Choo kiwe karibu, na kielekezwe mwanzoni, maana miongoni mwa wanawake waliobakwa au waliojifungua kwa shida wapo wenye fistula au wasioweza kuzuia mkojo, na aibu ya kuuliza choo kiko wapi inatosha kumfanya asirudi tena.

Usichome udi wala ubani. Najua Pwani chumba bila harufu nzuri hakijakamilika, lakini pua ndiyo inayokumbuka haraka kuliko vyote, na huwezi kujua harufu gani ni ya nani. Vivyo hivyo manukato yako mwenyewe. Muziki afadhali usiwepo. Sauti za nje huwezi kuzizuia, kwa hiyo zitaje: kengele ya shule italia saa kumi, kuna fundi anachomelea vyuma jirani, adhana itasikika tukiwa katikati.

Vifaa usivihangaikie. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune nchini India aliyeishi 1918 hadi 2014, ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda na mito ili kila mwili upate njia yake, na kwetu vitu hivyo vimejaa tele. Kiti cha plastiki kisicho na mikono ndicho bora, kwa sababu mtu anageuka bila kukwaruzwa. Kwenye vigae kinateleza, basi kiegemeze ukutani au kiweke juu ya mkeka. Kanga mbili zilizokunjwa ni mto. Blanketi la kawaida linatosha kufunika miguu. Mkanda wa kuvutia miguu usiulete wiki za mwanzo: wapo waliofungwa kamba, na wapo waliokabwa shingo.

Nguo ni hiari ya mtu. Buibui, hijabu, gauni, suruali, viatu miguuni, mkoba mapajani. Kuna wasioachia mkoba kwa wiki kadhaa. Uache.

Hatua ya 3: Mazungumzo ya kwanza

Zungumza na kila mmoja faragha kabla hajaanza. Usiulize yaliyompata. Akianza kusimulia, msikilize kwa heshima, mshukuru, kisha mweleze kwamba hapa hatalazimika kusimulia, na kwamba kuna mshauri unayeweza kumpeleka kwake akitaka. Unachohitaji kujua ni magoti, mgongo, upasuaji wa karibuni, shinikizo la damu, macho, ujauzito na dawa zinazoleta kizunguzungu. Mwenye shinikizo la juu au ugonjwa wa presha ya macho asiinamishe kichwa chini ya moyo. Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali kwa muda, wala asijipinde kwa nguvu tumboni.

Kisha mweleze darasa litakavyokuwa mwanzo hadi mwisho: litachukua muda gani, mtakaa wapi, hakuna atakayekugusa, unaweza kusimama na kutoka wakati wowote bila kuaga, ukikaa tu kitini saa nzima umehudhuria kama wenzako.

Wengine watauliza kama yoga ni ibada. Swali hili utalipata Mombasa, Kigoma na Goma pia, kwa Waislamu na kwa Wakristo, na ni swali la haki. Jibu kwa vitendo: hatutaimba maneno ya dini yoyote, hatutatumia majina ya Kisanskriti, hatutafumbata viganja kifuani. Tutanyoosha viungo na kupumua. Anayeona bado hayuko radhi, mheshimu.

Hatua ya 4: Lugha yako

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Mwalimu wa mazoezi kwa kawaida huamrisha. Inua mkono, nyoosha mguu, shikilia, shuka. Kwa mtu wa kawaida hakuna neno. Kwa aliyeishi chini ya amri, mwili utatii kabla akili haijajua, na yeye mwenyewe atakuwa hayupo. Utamwona anafanya kila kitu sawasawa, uso umekauka. Huyo ndiye wa kumwangalia zaidi kuliko aliyekataa.

Badala ya "inua mikono", sema: "Ukipenda, mikono inaweza kupanda. Inaweza kufika usawa wa mabega, au juu zaidi. Na kuiacha mapajani ni njia pia." Badala ya "shikilia hapo", sema: "Unaweza kukaa hapa kwa pumzi mbili tatu, na unaweza kutoka muda wowote." Badala ya "tunageuka kulia", sema: "Tunaweza kugeukia upande mmoja, wowote ule."

Angalia pia amri iliyovaa nguo za hiari. "Ukishindwa, fanya hivi" inamwambia mtu kuna walioweza na yeye hakuweza. "Kwa wale walio tayari" inapanga watu madaraja. Sema tu "njia nyingine ni hii", na wewe mwenyewe uifanye ile njia ndogo mbele yao, kwa sababu watu hufuata unachofanya kuliko unachosema. Mwalimu anayesema "popote unapotaka" huku yeye mikono imegusa dari hajatoa hiari yoyote.

Yapo maneno ya kuyatoa kabisa kinywani. "Lala chini" ni kauli ya askari na ya majambazi. Nairobi hakuna asiyeijua. "Piga magoti" vivyo hivyo. "Panua miguu", "legeza mwili", "tulia", "nyamaza", "fumba macho": mengi kati ya haya aliyebakwa aliyasikia usiku huo. Sema "miguu iwe na nafasi kati yake kadiri unavyoona". Sema "macho yanaweza kubaki wazi, au yakatazama sakafuni". Utulivu usiutaje kabisa. Ukija, umekuja.

"Jikaze" na "vumilia" nazo ziondoke. Hawa wamevumilia vya kutosha.

Usimwambie mtu anachohisi. "Sikia utamu wa mgongo kufunguka" ni uongo kwa asiyehisi mgongo. Sema: "Huenda kuna kitu unakihisi begani, joto au kuvuta. Huenda hakuna. Vyote ni sawa." Kwa mtu aliyekufa ganzi, kugundua siku moja kwamba anahisi unyayo wake ukigusa sakafu ni jambo kubwa, lakini aligundue mwenyewe.

Na sifa zipunguze. Kwetu ni vigumu, tumezoea hongera na vizuri sana, ila ukimsifu mmoja, kesho wote watafanya kwa ajili yako. Mwisho wa darasa washukuru wote kwa pamoja, inatosha.

Lugha hii ya hiari si ngeni kwetu. Ukiwa binti wa miaka ishirini na tano mbele ya kina mama wa rika la mama yako, umewaamkia shikamoo mlangoni, huwezi kugeuka na kuwaamuru "inama, simama". Utasema "mama zangu, mkipenda tunaweza kusimama". Adabu uliyofundishwa nyumbani ndiyo mbinu yenyewe. Lakini "ukipenda" isirudiwe kila sentensi hadi ikawa kelele. Badilisha, "labda", "inawezekana", "kama inakufaa leo".

Ukifundisha kwa kutumia mkalimani, kama itakavyotokea kwa wakimbizi Nyarugusu, Kakuma au Kampala, kaa naye kwanza. Mkalimani asiyeandaliwa hukatisha sentensi zako: wewe umesema "mguu unaweza kusogea mbele, kidogo au zaidi", yeye anatoa "peleka mguu mbele". Mweleze kwa nini, mfanye mazoezi pamoja. Hata kati ya Waswahili wenyewe, maneno ya viungo vya mwili ya Bukavu na ya Dar es Salaam hayafanani yote, kwa hiyo onyesha kwa mwili wako.

Hatua ya 5: Mikono yako na mahali pako

Usiguse mtu. Si kurekebisha bega, si kufunika blanketi, si kumpapasa mgongo anapolia. Walimu wengine hutumia kadi za ruhusa, upande mmoja ndiyo, mwingine hapana. Mimi sishauri, kwa sababu mtu aliyezoea kutii atageuza ndiyo ili asikuudhi. Kutogusa kukiwa ni kanuni ya wote, hakuna anayelazimika kukataa.

Kaa mahali pamoja, ufanye mikao pamoja nao. Ukitaka kusogea, sema kabla: "Naenda kufungua dirisha lile, nitapita mbele yenu." Usipite nyuma ya mtu. Mkao usiokaa vizuri kwenye mwili wa mwanafunzi uuache, isipokuwa ataumia, na hapo uwaambie wote: "goti likiuma, kuna njia ya kulipunguzia." Yeye atajua.

Hatua ya 6: Darasa lenyewe, dakika 60

Wiki za mwanzo fundisha mtiririko uleule. Kujua kinachofuata ni nafuu kubwa kwa mtu ambaye maisha yamemshtukiza.

Dakika 5 za kwanza ni za kufika. Wamekaa kitini. "Karibuni. Tuko ukumbini, mlango hauna kufuli, tutamaliza saa kumi na moja. Unaweza kutazama chumba, kuta, dirisha. Unaweza kuhisi miguu ikigusa sakafu, au kuikanyagisha kidogo."

Dakika 10 zinazofuata ni za shingo na mabega. Kichwa kiinamie upande mmoja, kisha mwingine, bila kukizungusha mduara mzima. Mabega yapande na kushuka, yazunguke. Hapa pia kuna vidole, viganja, viwiko. Usidharau vitu vidogo hivi. Nakumbuka mama mmoja ambaye wenzake walipokuwa wakizungusha mabega, yeye alikuwa anautazama mkono wake juu ya paja. Akageuza kiganja juu. Akakirudisha. Akakigeuza tena, polepole, kidole kimoja kimoja kikifunguka. Sikusema neno, na darasa likaendelea.

Dakika 10 ni za mgongo, bado kitini. Mikono magotini, kifua kinakwenda mbele kidogo, kisha mgongo unakwenda nyuma. Halafu kugeuka upande mmoja na mwingine, mkono ukishika mgongo wa kiti. Kuinama mbele kwa viwiko kukaa mapajani kunatosha. Kuinama hadi chini kunaficha mtu asione chumba, na wengi hakuwafai.

Dakika 15 ni za kusimama, na hizi nazipenda kuliko zote. Wasimame nyuma ya kiti, mikono ikishika. Visigino vinapanda na kushuka. Uzito unahamia mguu mmoja, kisha mwingine. Mguu mmoja unarudi nyuma, goti la mbele linakunjika kidogo, na anayetaka ananyoosha mikono. Mwili ulioganda siku ya tukio hapa unapata kusimama, kusukuma sakafu, kuhisi paja likifanya kazi. Wapo watakaotoka jasho na kutabasamu. Anayechoka kiti kiko mbele yake.

Dakika 10 ni za kurudi kukaa. Mguu mmoja unyooke mbele, kisha mwingine. Anayetaka mkeka aende mkekani, ajiegemeze ukutani. Mikao inayofungua nyonga na mapaja, pamoja na ile ya mikono na magoti, iache kando miezi ya mwanzo. Kwa waliobakwa, na kwa wanawake waliokeketwa, hiyo ndiyo inayofungua mlango usiotarajiwa.

Dakika 5 ni za kupumzika. Toa njia nyingi: kubaki kitini, kuegemea meza yenye mto, kukaa ukutani, kulala ubavu, kulala chali. Ule mkao wa mwisho ambao yoga huuita wa maiti usiutaje kwa jina hilo mbele ya watu waliozika wenzao. Mwanzoni dakika 2 za ukimya zinatosha. Muda uliobaki endelea kusema neno moja moja. Mwenye usingizi na alale, huenda hajalala usiku kucha. Kumwamsha, ita jina lake kwa upole ukiwa mbali.

Dakika 5 za mwisho ni za kutoka. Kutazama chumba tena, kunyoosha vidole, kunywa maji. Usiwaombe waeleze walivyojisikia.

Hatua ya 7: Pumzi

Walimu tunaipenda pumzi, na sababu ipo: mtu akivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, akitoa hupunguza, kwa hiyo kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta husaidia mwili kushuka. Lakini aliyezibwa mdomo au kukabwa, ukimwambia afuate pumzi yake, anaweza kupata hofu papo hapo. Wiki za mwanzo usiitaje kabisa. Baadaye iunganishe na mwendo: mikono inapanda, inashuka, na pumzi itafuata yenyewe. Kisha, kama jambo la kujaribu, kutoa pumzi polepole kama anayepoza chai. Kuzuia pumzi na pumzi za kasi hazina nafasi hapa.

Hatua ya 8: Mtu akishtuka

Utamjua kwa macho yaliyoganda, kutetemeka, kuhema, au kinyume, kuwa mbali kabisa. Usimkimbilie, na usinyamazishe chumba. Kwanza zungumza na wote: "Sasa tunaweza kukanyaga sakafu, mguu huu, mguu ule. Tunaweza kutazama chumbani na kutafuta kitu cha rangi ya bluu." Mara nyingi hilo linatosha.

Lisipotosha, msaidizi amsogelee kutoka mbele, akae chini kuliko yeye, ataje jina lake na kumweleza yuko wapi: "Ni Jumanne mchana, uko ukumbini, mimi ni fulani, hakuna mtu mwingine aliyeingia." Amuulize kama anataka maji, au kutoka. Glasi ya maji baridi ya kushika mkononi husaidia. Akitoka, msaidizi atoke naye. Asimuulize imekuwaje. Akilia, alie.

Baada ya darasa asiachwe apande bodaboda peke yake akiwa bado anatetemeka. Muulize nani anaweza kumchukua, na kama angependa umpigie mshauri. Kuna mambo matatu tu yanayovunja siri: akisema anataka kujiua, au kwamba kuna mtu atakayemuua akirudi nyumbani, au mtoto yuko hatarini. Hapo mweleze wazi kwamba utatafuta msaada, na utafute siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Baada ya watu kuondoka

Kaeni na msaidizi kwa robo saa. Nani alitoka, neno gani mlilitamka likamfanya mtu akunje uso, mkao gani uondoke wiki ijayo. Wewe nawe umebeba mambo; uwe na mshauri wako, na kama usingizi unaanza kukukimbia, pumzika kabla hujavunjika.

Kumbukumbu za darasa ziwe fupi: tarehe, idadi, mtiririko, mabadiliko. Majina ya watu yakae kwenye daftari tofauti lililofungiwa, na yaliyowapata yasiandikwe popote, hata kwenye simu yako. Usipige picha, hata mfadhili akiomba. Akitaka ushahidi, mpigie picha viti.